Madaftari Mawili ya Duka Moja: Kuunganisha Jedwali la Kompyuta na Duka la Mtandaoni

Mfanyabiashara wa kanga mwenye kibanda Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye pia amefungua duka katika mtandao wa intaneti, ana mali moja lakini ana madaftari mawili. Daftari la kwanza ni jedwali la kompyuta, ambamo msaidizi wake huandika kila doti inayoingia na kutoka kibandani. Daftari la pili limo ndani ya duka la mtandaoni lenyewe, nalo hupunguza hesabu bila kuambiwa na mtu kila mteja wa Mwanza au wa Muscat anapolipa. Siku ambayo madaftari hayo yatasema mambo tofauti, mteja mmoja atakuwa amelipia doti ambayo imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Fedha itarudishwa, radhi itaombwa, na huenda mteja huyo asirudi tena.

Mfanyabiashara huyo ni wa kubuni, lakini shida yake inawapata wenye maduka kila pembe ya dunia. Dawa inayofikiriwa kwanza ni kuiagiza kompyuta inakili kila saa yaliyomo katika daftari moja na kuyaweka katika lingine. Dawa hiyo ni rahisi kuitengeneza, na kwa siku chache huonekana kufanya kazi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini haitoshi, na ni njia gani ambayo wataalamu wa kompyuta wameona inafaa zaidi. Kwanza, hata hivyo, hapana budi kueleza tofauti ya maumbile iliyopo baina ya vyombo hivi viwili, maana makosa mengi huzaliwa hapo.

Mahali na ufunguo

Jedwali la hesabu la kompyuta, ambalo wataalamu wa lugha wameliita lahajedwali, lilianza kuuzwa mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc. Lilibuniwa na Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, akishirikiana na Bob Frankston aliyeandika programu yenyewe. Bricklin alikuwa ametazama jinsi hesabu za makampuni zinavyofanywa ubaoni darasani: tarakimu moja ikikosewa, au dhana moja ikibadilishwa, tarakimu zote zinazoitegemea hufutwa na kukokotolewa upya. Akawaza juu ya ubao ambao ungejifuta na kujikokotoa wenyewe. VisiCalc ilikuwa na mistari 254 na safu 63, ikitumiwa katika kompyuta ndogo ya Apple II. Baadaye zikaja Lotus 1-2-3 mwaka 1983, Excel mwaka 1985, na Google Sheets mwaka 2006, ambayo hukaa mtandaoni na kuweza kuandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Katika majedwali hayo yote wazo ni lile lile. Ukurasa umegawanywa katika visanduku, na kila kisanduku hujulikana kwa mahali kilipo: C17 ni makutano ya safu ya tatu na mstari wa kumi na saba. Ndani ya kisanduku mwenye jedwali anaweza kuandika chochote apendacho, iwe namba, jina, tarehe, au hata maneno kama vile "muulize Juma". Jedwali halimuulizi kwa nini. Uhuru huo ndio uliolifanya lipendwe na wahasibu, wakulima wa mashamba makubwa, walimu wakuu na wenye maduka, kwa sababu mtu aliweza kujitengenezea chombo cha hesabu bila kumngojea mtaalamu.

Duka la mtandaoni limejengwa juu ya msingi mwingine. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alitoa makala iliyopendekeza kwamba kumbukumbu kubwa zitunzwe katika makundi ya mistari isiyo na mpangilio wenye maana, kila mstari ukitambuliwa kwa ufunguo wake wala si kwa mahali ulipo. Hifadhidata nyingi za biashara za leo zimefuata wazo hilo. Kati ya majukwaa ya biashara ya mtandaoni, mfano mzuri ni Shopify, ambayo chanzo chake ni duka moja la Ottawa, Kanada, lililoitwa Snowdevil, lililoanza mwaka 2004 kuuza mbao za kutelezea juu ya theluji. Wenye duka hawakuridhika na programu zilizokuwapo wakati ule, wakaandika ya kwao, na mwaka 2006 wakaanza kuikodisha kwa wafanyabiashara wengine. Ndani ya duka la namna hiyo hakuna mstari wa kumi na saba. Kuna bidhaa yenye namba fulani, na namba hiyo haibadiliki hata bidhaa ikihamishwa, ikibadilishwa bei au ikipewa jina jipya.

Hitilafu ya kwanza hutokea hapa. Aliyeandika programu ya kuunganisha ameiagiza isome C17 na kupeleka hesabu yake kwenye kanga nyekundu. Jumamosi msaidizi anapanga jedwali upya kwa kufuata bei, ili aone zipi ni ghali. Hakukosea, kupanga ni kazi ya jedwali. Lakini sasa katika C17 imo hesabu ya kanga ya bluu, na programu, ambayo haina macho, inaendelea kuipeleka kwenye nyekundu. Ndiyo sababu kila mstari wa jedwali hauna budi kubeba ndani yake namba ya bidhaa, na programu itafute namba hiyo kila mara kabla ya kusoma au kuandika. Mahali pasitegemewe kabisa.

Je, jina la bidhaa haliwezi kutumika badala ya namba? Kanga zenyewe zinajibu swali hili. Kila kanga ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Wanunuzi huitaja kanga kwa jina lake. Lakini jina lile lile huweza kuchapwa tena mwaka mwingine kwa pindo na mji tofauti, na toleo moja huja kwa rangi mbili au tatu. Aliyeandika jina tu katika safu ya kwanza atakuwa na mistari mitatu isiyoweza kutofautishwa. Shopify hulitatua jambo hili kwa kuweka bidhaa moja yenye vijitoleo kadhaa, kila kijitoleo kikiwa na namba yake. Na mwenye jedwali hana budi kufanya vivyo hivyo, yaani mstari mmoja kwa kila rangi, na namba moja kwa kila mstari. Namba hiyo aitunge yeye mwenyewe, iwe fupi, na isianze na sifuri. Sababu ya sharti hili la mwisho itaonekana sasa hivi.

Faili linalobebwa kwa mkono

Njia ya zamani zaidi ya kuunganisha vyombo hivi ni kutoa yaliyomo katika chombo kimoja kama faili la maandishi matupu, kila mstari wa jedwali ukiwa mstari wa faili na visanduku vikitenganishwa kwa mkato, kisha kulipakia faili hilo katika chombo kingine. Faili hilo huitwa CSV. Matumizi yake yalienea miaka mingi kabla kanuni zake hazijaandikwa rasmi mwezi Oktoba 2005, na ndiyo maana kila programu ina desturi zake. Kwa mfano, katika nchi za Ulaya ambazo mkato hutumika kama alama ya desimali, Excel hutenganisha visanduku kwa nuktamkato, na duka linalongoja mkato huuona mstari mzima kuwa kisanduku kimoja.

Hatari kubwa ya faili hili ni kwamba halibebi aina ya kitu kilichoandikwa. Jedwali linapolifungua hukisia, na hukisia kwa ujasiri. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania huanza na 0 na ina tarakimu 10. Jedwali huiona kuwa ni namba ya kuhesabia, likaiondoa sifuri ya mbele, zikabaki tarakimu 9. Msimbo wa mistari unaochapwa kwenye bidhaa una tarakimu 13 (zile zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616). Excel huuonyesha kwa ufupisho wa kisayansi kama 6.20123E+12, na faili likihifadhiwa tena kama CSV, kinachohifadhiwa ni ule ufupisho. Tarakimu zilizobaki zimepotea, na hakuna fomula itakayozirudisha. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupatwa na jambo jingine: Excel hutunza 15 za kwanza, na zinazofuata hugeuzwa sifuri. Aidha, namba ya bidhaa kama 3-4 au MAR5 hugeuzwa kuwa tarehe.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wasiosoma tu. Wataalamu wa urithi wa viumbe walikuwa na jeni iliyoitwa SEPT1, ambayo Excel iliigeuza kuwa tarehe ya kwanza ya Septemba. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichunguza makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika Excel, wakaona kwamba karibu makala moja kati ya kila tano ilikuwa na makosa ya namna hiyo. Hatimaye mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo ambao chini yake SEPT1 inaitwa SEPTIN1. Ilionekana rahisi zaidi kuzibadilisha jeni majina kuliko kulibadilisha jedwali tabia.

Mwaka huo huo Uingereza ilipata somo kali zaidi. Matokeo ya vipimo vya korona yaliyotoka maabara kwa mafaili ya CSV yalikuwa yakiingizwa katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kuwa na mistari zaidi ya 65,536. Mistari iliyozidi haikuingia, na jedwali halikupiga kelele. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020 wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa katika taarifa za kila siku, na waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Muundo mpya wa Excel, uliokuwapo tangu 2007, una mistari 1,048,576.

Hata Kiswahili, ambacho kina bahati ya kutokuwa na herufi zenye vialama juu, kina mahali pake pa kuumia. Ritifaa ya neno ng’ombe, ikiwa imeandikwa kwa ile alama iliyopinda, huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa herufi unaotumika mtandaoni. Faili likifunguliwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, ritifaa hugeuka kuwa alama tatu zisizosomeka katikati ya neno. Mwenye kuuza kanga, ambazo majina yake ni methali na mafumbo, ataliona hilo mapema.

Kinga dhidi ya haya yote ni kuzitangaza safu za namba za bidhaa, simu na misimbo kuwa ni maandishi kabla ya kulifungua faili, na kutolifungua faili la CSV kwa kubofya mara mbili. Tarehe nazo ziandikwe kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku, maana 03/04 ni Aprili kwa Mtanzania na Machi kwa Mmarekani.

Baki na mwendo

Njia ya pili ni kuziacha programu ziongee zenyewe. Jukwaa la biashara huwa na mlango maalumu usiopitwa na wanunuzi bali na programu nyingine: programu hubisha hodi, huonyesha ufunguo wake wa siri, husema inataka nini, na hujibiwa kwa maandishi yenye mpangilio maalumu. Google Sheets nayo ina mahali pa kuandikia programu fupi zinazoweza kusoma visanduku na kubisha katika milango ya namna hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji tena kubeba faili. Hapa ndipo wengi huandika programu ya kunakili kila saa, na hapa ndipo shida halisi inapoanzia.

Chukua siku moja. Saa mbili asubuhi madaftari yote mawili yanasema kuna doti 40 za kanga fulani, na ni kweli. Saa nne na dakika ishirini wateja wa mtandaoni wananunua doti 3. Daftari la duka la mtandaoni linasema 37. Saa nne na nusu mama mmoja anafika kibandani na kununua doti 5 za sare ya harusi. Msaidizi anafuta 40 katika jedwali na kuandika 35. Saa tano kamili programu inaamka, inasoma 35 katika jedwali, na kuiandika katika duka la mtandaoni. Madaftari sasa yanakubaliana kabisa, na yote mawili yamekosea, kwani doti zilizobaki rafuni ni 32. Mauzo 3 ya mtandaoni yamefutwa bila mtu kufuta. Kama programu ingenakili kwa upande wa pili, kutoka dukani kwenda jedwalini, 37 ingeandikwa juu ya 35 na mauzo 5 ya kibandani ndiyo yangepotea. Wala kunakili kila dakika badala ya kila saa hakuondoi kosa hili. Hulifanya litokee mara chache, na kwa hiyo liwe gumu zaidi kugunduliwa.

Chanzo cha kosa ni kupeleka baki. Baki ni matokeo ya mambo yote yaliyotokea, na anayeandika baki anadai kwamba anayajua yote. Msaidizi hakujua ya mtandaoni. Duka la mtandaoni halikujua ya kibandani. Kila mmoja alijua sehemu yake ya mwendo tu: mmoja alijua "toa 5", mwingine alijua "toa 3". Laiti kila upande ungepeleka mwendo wake badala ya baki yake, hesabu ingekuwa 40 toa 3 toa 5, yaani 32. Na kama taarifa zingefika kwa mpangilio wa kinyume, 40 toa 5 toa 3 bado ni 32. Kujumlisha na kutoa hakujali nani ametangulia, ilhali kuandika juu ya kilichoandikwa hujali sana.

Wahasibu wa zamani walilijua jambo hili. Katika daftari la mapato na matumizi, kama alivyolieleza Luca Pacioli katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, hakuna anayefuta salio na kuandika jingine. Huandikwa tukio, na salio hufuata. Jedwali la kompyuta, kwa wepesi wake wa kufuta, liliwasahaulisha wengi nidhamu hiyo.

Kwa vitendo, jedwali la mfanyabiashara ligawanywe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa bidhaa: namba, jina, rangi, bei. Ukurasa wa pili ni wa mwendo, na huo huongezwa tu, haufutwi: kila mstari una namba ya tukio, wakati, namba ya bidhaa, idadi iliyoingia au kutoka, mahali, na sababu. Safu ya baki katika ukurasa wa kwanza haiandikwi na mtu wala programu. Hukokotolewa kwa fomula ya SUMIF inayojumlisha miendo yote ya bidhaa ile. Mteja akirudisha doti, huandikwa mwendo mpya wa kuingiza 1. Jedwali la Google Sheets lina nafasi ya visanduku milioni 10, na kwa safu sita hizo ni zaidi ya mistari milioni moja na nusu. Lakini litaanza kukokota miguu mapema zaidi ya hapo, na ni busara kufunga ukurasa kila mwaka na kuanza mwingine kwa mstari mmoja wa baki iliyohesabiwa kwa mkono.

Katika mlango wa Shopify amri zote mbili zipo: ipo ya kuweka idadi na ipo ya kurekebisha idadi kwa kuongeza au kupunguza. Mauzo ya kibandani yatumie hiyo ya pili. Iwapo lazima idadi iwekwe, kama vile baada ya kuhesabu stoo, amri ya kuweka huweza kuandamana na sharti: weka 35 iwapo bado ni 40. Duka likikuta kwamba kwake ni 37 hukataa, na programu hurudi kuuliza upya. Sharti dogo kama hilo lingezuia kosa lote la saa tano.

Taarifa ifikayo mara mbili

Upande wa pili wa mazungumzo ni jinsi jedwali linavyopata habari za mauzo ya mtandaoni. Programu inaweza kwenda kuuliza kila baada ya dakika kadhaa, au duka linaweza kuleta taarifa lenyewe kila oda inapoingia. Namna ya pili ni ya haraka, lakini ina tabia mbili ambazo asiyezijua ataadhirika.

Tabia ya kwanza ni kurudia. Duka hupeleka taarifa na kungoja jibu la kupokelewa. Jibu likichelewa au likipotea njiani, duka haliwezi kujua kama taarifa ilifika au haikufika, nalo kwa tahadhari hupeleka tena. Hivyo zile doti 3 zaweza kutolewa mara mbili, na 32 ikawa 29. Dawa yake ni ile namba ya tukio. Namba ya oda pamoja na namba ya mstari ndani ya oda huandikwa katika safu ya kwanza ya ukurasa wa mwendo, na programu, kabla ya kuandika, hutazama kama namba hiyo imekwisha kuwamo. Ikiwamo, hujibu "imepokelewa" na kunyamaza. Kwa njia hii taarifa inaweza kufika mara kumi na matokeo yakawa ya mara moja. Kwa kuwa taarifa mbili zaweza kufika kwa nukta moja, na kila moja ikaangalia kabla nyingine haijaandika, programu ya Google Sheets ishike kwanza kufuli lililowekwa kwa kazi hiyo, iandike, kisha iliachie.

Tabia ya pili ni mwangwi. Programu inapopeleka "toa 5" kwenye duka la mtandaoni, hesabu ya duka inabadilika. Na kama duka limeagizwa kutoa taarifa kila hesabu inapobadilika, litarudisha taarifa kwamba 5 zimetoka. Programu ikiichukua kuwa ni habari mpya, itaandika 5 nyingine, na duara halina mwisho. Kwa hiyo jedwali lisikilize taarifa za oda tu, si za mabadiliko ya hesabu, maana oda ni jambo lililotokea kwa mteja.

Mlango wenyewe nao una kiasi chake. Katika mlango wa zamani wa Shopify, unaoitwa REST, kipimo cha kawaida kilikuwa mfano wa ndoo yenye tundu: ndoo ya maombi 40, ikivuja maombi 2 kila sekunde, na ombi linaloikuta ndoo imejaa hukataliwa. Anayetaka kurekebisha bidhaa 400 moja moja atahitaji angalau dakika 3, kwani 40 za kwanza hupita mara moja na 360 zilizobaki hungoja sekunde 180. Programu za Google Sheets kwa kawaida hukatizwa baada ya dakika 6. Ni wazi basi kwamba kupeleka miendo michache iliyotokea ni nafuu kuliko kupeleka jedwali zima kila saa.

Juu ya usalama, mambo mawili yanatosha. Ufunguo wa siri wa duka usiandikwe katika kisanduku chochote, maana jedwali hushirikishwa watu kwa urahisi. Kuna mahali pa siri pa kuhifadhia ndani ya programu. La pili ni la kiufundi zaidi: Shopify hutia sahihi kila taarifa ili mpokeaji ajue kwamba haikutoka kwa mdanganyifu, lakini sahihi hiyo huja katika kichwa cha ujumbe, na programu ya Google Sheets inayopokea ujumbe haiwezi kukisoma kichwa hicho. Mwenye kujali ataweka seva ndogo katikati ya kukagua sahihi, au ataifanya taarifa kuwa kengele tu: ikilia, programu huenda yenyewe dukani kwa ufunguo wake kuuliza oda hiyo ina nini.

Doti ya mwisho

Yote yaliyoelezwa yakifuatwa, madaftari hatimaye yatakubaliana juu ya jambo lililo kweli. Neno "hatimaye" ndilo lenye uzito. Kati ya doti kuuzwa kibandani na duka la mtandaoni kuambiwa, kuna muda, na ndani ya muda huo doti ile ile yaweza kuuzwa tena. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa wazo, ambalo mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch walilithibitisha kihisabati, kwamba mifumo iliyotengana haiwezi, wakati mawasiliano yamekatika, kuendelea kuhudumia pande zote na papo hapo kuhakikisha kuwa pande zote zinasema jambo moja. Kwa lugha ya Kariakoo: mtandao ukikatika saa nane mchana, ama kibanda kiache kuuza hadi urudi, ama kiuze kikijua kwamba huenda duka la mtandaoni linauza doti hizo hizo. Hakuna fundi atakayeliondoa chaguo hilo. Wengi watachagua kuuza, na ni haki yao. Lakini wachague kwa kujua.

Hatari hiyo hupunguzwa kwa akiba ndogo. Ikiwa kibanda katika saa zake za pilikapilika huuza hadi doti 12 za kanga moja kwa saa, na taarifa huchukua hadi robo saa kufika, basi doti 12 mara robo ni 3. Duka la mtandaoni lionyeshe idadi pungufu kwa 3, na likifika sifuri lifunge mauzo ya kanga hiyo huku doti 3 zikiwa bado rafuni kwa wanaokuja kwa miguu. Taarifa zikifika kwa dakika 5, akiba ya doti 1 inatosha. Mtandao ukikatika kwa saa tatu, akiba haitatosha, na ndiyo maana msaidizi anapaswa kuandika miendo katika karatasi na kuiingiza baadaye kwa wakati wake halisi, si wakati wa kuingiza. Saa ziandikwe pamoja na tofauti yake na saa ya kimataifa: oda iliyorekodiwa saa 21:30 ya kimataifa tarehe 31 Desemba ni ya saa sita na nusu usiku Dar es Salaam, yaani ya mwaka mwingine wa hesabu.

Si safu zote zinazofaa kutendewa kama hesabu ya mali. Bei haijumlishwi, bei ya shilingi 15,000 ikibadilishwa kuwa 16,000 na upande mmoja, na kuwa 14,000 na upande mwingine, hakuna kujumlisha kutakakoleta jibu la haki. Bei basi iwe na mwenyewe mmoja, ambaye ni jedwali, na duka la mtandaoni liipokee tu. Maelezo na picha za kanga mwenyewe awe duka, kwa sababu huko ndiko yanakoonekana. Anwani ya mteja mwenyewe ni duka, wala isiletwe jedwalini kabisa isipokuwa kwa haja ya kusafirisha mzigo. Kabla ya mstari wowote wa programu kuandikwa, mfanyabiashara na fundi wake wakae na kuandika mbele ya kila safu jina la mwenyewe. Kazi hiyo huchukua saa moja, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote.

Mwisho wa wiki doti zihesabiwe kwa mkono. Mkono ukipata 31 wakati jedwali linasema 32, isiandikwe 31 juu ya 32. Huandikwa mwendo wa kutoa 1, kwa tarehe ya siku hiyo, na katika safu ya sababu huandikwa panya, au zawadi, au "haijulikani". Mwendo huo huo hupelekwa dukani kama ulivyo. Ikiwa "haijulikani" inajirudia kila Jumamosi kwa kanga ile ile, fundi wa kompyuta aachwe kwanza apumzike, na ufunguo wa stoo uulizwe uko kwa nani.